Ufunguo wa Machano

Bi Kazija alisahau ndoo ya maji katikati ya mlango. Mumewe, Machano, aliikwepa bila kuigusa, akaenda kuketi.

Kwa miezi mitatu, tangu boriti imwangukie kisogoni, Machano alikuwa akisema haoni hata mwanga. Bi Kazija ndiye aliyemkata kucha na kumtolea miiba ya samaki.

"Kumbe unanichezea shere, bwana?"

"Wallahi sioni kitu."

Machano alikuwa fundi wa kufuli. Bi Kazija akampa ufunguo, akashika kufuli mbele yake, tundu limesimama wima.

"Tia."

"Nitie wapi, nami sioni?"

"Bahatisha."

Ufunguo ukaingia moja kwa moja. Kwa hasira, Bi Kazija akauchomoa, akamrudishia, akalilaza kufuli ubavu bila kusema neno. Kiganja cha Machano kiligeuka kabla hakijafika. Ufunguo ukaingia tena.

Bi Kazija alifungua kinywa amtukane, kisha akamtazama usoni. Macho yalielekea ukutani, jasho lilimtiririka.

"Kazija," Machano alinong'ona, "ni wewe uliyeushika mkono wangu?"

Mkono mmoja wa Bi Kazija ulishika kufuli. Wa pili ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe.