Nyasi za Shemeji

Asubuhi ile ya Julai, jua likiwa bado halijachomoza, Elieth alikuta miche yake ya mahindi bondeni imefunikwa nyasi kavu. Si yeye aliyeifunika.

Mdogo wa marehemu mumewe alikuwa amechuchumaa kando ya tuta, tope limemjaa kwenye kucha.

"Umeamkaje, shemeji? Baridi ingeyaua mahindi yetu."

Yetu. Tangu mazishi, huyu hakuwahi kukanyaga hapa.

"Nani kakutuma?"

"Mtu hutumwa kwenye shamba la kaka yake?"

Elieth alipiga magoti kwenye umande, akaondoa nyasi zile mche kwa mche, akazirundika miguuni pa shemeji yake. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya miche yake huku akitetemeka kwa baridi.