Jina la Mama Shufaa

Nilianza kwa kuona jambo dogo: televisheni ikiwaka, hakuna aliyemwita bosi wangu kwa jina lake. Alikuwa Mama Shufaa tu.

Kila Alhamisi Radi, shujaa wa tamthilia, hupigana na maadui wenye sura za watu wa mtaani waliotajwa majina mbele ya televisheni. Mtaa mzima hutazama, na kesho yake aliyepigwa hauziwi hata nyanya.

Wiki iliyopita dada yangu alikuja kunisalimia. Mama Shufaa akaigeukia televisheni huku akicheka. "Mwanaidi binti Salehe, mwizi wa sukari." Sukari aliila Shufaa. Dada alirudi kwetu kwa miguu, kwa sababu hakuna dereva aliyekubali kumpakia.

Leo asubuhi shangazi yake bosi alifika kutoka shamba. "Tausi binti Kombo," akaita mlangoni, "mbona umenenepa hivyo?"

"Polepole, shangazi," Mama Shufaa alinong'ona, ingawa televisheni ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nafagia.

Sasa muziki wa Radi unaanza.

"We bubu, chai iko wapi?"

Naiweka mezani, kisha naigeukia televisheni.

"Tausi binti Kombo."