Suluhu Mara Tatu

"Suluhu," Moagi alirudia, mkono ameunyoosha juu ya ubao wa sataranji.

Oteng hakuutazama. Alikuwa amefungua kwa mtindo uitwao Sisili, mchezo wa wasiojipenda: wafalme wamekimbilia pande tofauti, kila mmoja anambomolea mwenzake ukuta, na atakayechelewa hatua moja kwisha habari yake. Aliyekuja vitani hivi haombi suluhu kwenye hatua ya kumi na nne. Lakini Moagi, bingwa wa Francistown miaka mitatu, alikuwa ametoka kuchukua chai na kurudi uso umemshuka. Ananiogopa, Oteng alijisemea, akafurahi sana.

Hata hivyo alimgeukia kapteni wake, maana kwenye ligi suluhu huombewa ruhusa. Tena mama yake Oteng alikuwa amelazwa hospitali ya jirani, na simu zote za wachezaji zilikuwa kwenye mfuko wa kapteni.

Kapteni, Rra Kenosi, alimwinamia sikioni. "Dada yako kapiga sasa hivi. Mama kanywa uji, anakusalimu. Nusu pointi haitupi kombe, mwanangu. Mmalize huyo."

Moyo ukatulia. Oteng akamtoa farasi wake kafara.

"Suluhu," Moagi akasema mara ya tatu. "Nakuomba, ndugu yangu."

"Mwamuzi! Huyu ananisumbua."

Kanuni inajulikana: mchezo ukiendelea, humwambii mpinzani neno zaidi ya suluhu, na hilo nalo likizidi ni usumbufu. Moagi alifungua mdomo ajieleze. "Neno moja tena nakutoa," mwamuzi alimkatiza.

Kuanzia hapo Moagi alicheza haraka haraka, bila kufikiri. Oteng ndiye aliyekuwa hana haraka. Dakika ishirini hatua hii, nusu saa ile. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwishowe malkia wake alitua, na mfalme wa Moagi akakosa pa kukimbilia. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo.

Moagi alimpa mkono, hakuuachia.

"Sasa naruhusiwa kusema. Kwenye chai nilikuwa nyuma ya kapteni wako dada yako alipopiga. Alikuwa analia. Alisema mama yenu anakuita, na daktari hadhani kama mama ataifikia saa kumi."

Nyuma yao wenzake walikuwa wamembeba Rra Kenosi juu juu, wakiimba. Ilikuwa saa kumi na moja na robo.