Ushanga Mmoja

Tangu homa ile kali, Bi Mize akishika sindano moja anaona mbili, na kofia ya harusi aliyokuwa akimshonea mkwewe ikakwama nusu. Daktari alimwambia macho ni mazima. Ubongo tu umesahau kuyavuta ndani atazamapo karibu na kuyaachia nje atazamapo mbali. Kwa hiyo, ili kuufunza tena, kila asubuhi alifunga uzi wenye shanga dirishani, ncha nyingine akaishikiza puani, akatazama ushanga wa karibu, kisha wa mbali, machozi yakimtiririka.

"Leo unavua papa au changu?" mumewe, Faki, alimtania akiwa na kikombe cha chai.

"Nyamazeni nyote wawili!"

Mara zile shanga mbili za karibu zikasogeleana, zikagusana, zikawa moja. Bi Mize alimgeukia Faki mlangoni. Mmoja. Akarudi kwenye ushanga. Mmoja!

"Vipi, tumebaki wangapi?"

"Mmoja. Tena shati limemchanika kwapani."

Faki akalivua akicheka, akamnyooshea.

"Ngoja, mkwe kwanza."

Akaipakata kofia, akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaisogeza kwenye tundu la sindano. Faki, kifua wazi, alisahau hata kupumua.