Kifungo cha Sauti

Kigari changu cha magurudumu mawili, kilichopaswa kujisawazisha chenyewe, kilitetemeka kama mbuzi mwenye homa, kikanitupa tena mchangani.

"Papa, utavunjika na we, halafu nani atanipeleka ku soko ya Baraka?" alisema mke wangu Jocelyne, goti lake bovu limenyooka mkekani.

Kwa ajili ya goti hilo nilikiunda. Waya zote nimekaza, moteri zote nimepima, na bado! Nikachukua nyundo.

"Ngoja. Radio yangu ilikuwa inatetemeka vile, nikiweka sauti mingi."

Akajikokota, akakiinua, akapunguza kile kifungo cha sauti nilichonyofoa kwenye radio yake ili kiongoze nguvu ya moteri.

Kigari kikasimama chenyewe, kimya.

Akaegemeza mkongojo wake ukutani.

"Papa, toka njiani."