Kovu la Majaribio

Mshono wa katikati ulikuwa umepinda. Mwanzia aliufuta kwa kidole chenye mate, akasogeza kioo cha mkononi nyuma ya kisogo chake, akauchora tena kwa penseli ya wanja. Alikuwa fundi wa vioo mjini Thika. Vioo vilikuwa vimeegemezwa kwenye kuta zote za duka lake, na kila kimoja kilimwonyesha upara wake kwa upande ambao hakuwa ameomba kuuona.

Aliyemuuzia penseli hiyo alitaka kujua ni ya nani. Alijibu kuwa ni ya dada yake. Hakuwa na dada.

Upara wenyewe ulikuwa umemletea shida mahali pamoja tu: kwa Magdalene, mamake Dianah. Dianah alishona sare za shule katika chumba cha pili kutoka duka lake, na Mwanzia alitaka kumwoa. Siku alipopelekwa nyumbani kwao Dianah, Mwihoko, kujulishwa, Magdalene alianza kumtazama kwenye paji la uso, akaendelea kulifuata paji hilo hadi utosini, kwa kuwa halikuwa na mpaka.

"Karibu, mzee," alisema. Kisha akamuuliza Dianah jikoni, kwa sauti ya kusikika sebuleni, "Huyu ni rika langu ama amenipita?"

Ndipo Mwanzia alipoenda kliniki moja ya Ruiru kuulizia kupandikizwa nywele. Daktari alimweleza njia mbili. Katika ya kwanza, mkanda wa ngozi hukatwa kisogoni, nywele zake zikapandwa mbele, na palipokatwa pakashonwa. Hubaki kovu la mstari, kama kutoka sikio hadi sikio. Katika ya pili, vinyweleo hutolewa kimoja kimoja. Hubaki vitone vyeupe vilivyotapakaa.

"Na ile isiyoacha kovu ni ipi?" Mwanzia aliuliza.

"Hiyo ni ya kuvaa kofia," daktari alisema.

Mtu mwingine angechagua siku hiyo hiyo. Lakini Mwanzia, hata kioo cha dirisha la choo, hukikatia kadibodi kwanza aone kama itakaa. Aliamua kuyavaa makovu yote mawili kabla ya kukubali kisu.

Alianza na vitone. Alivitia kwa kijiti na rangi nyeupe, akaenda kunyolewa.

"Bro," Githae kinyozi alisema, akiizima mashine, "hii ni choa. Mashine yangu haifiki hapo."

Baadaye akachora mstari, na mishono juu yake, akaketi dukani akisubiri kuona nani atauliza. Hakuna aliyeuliza. Kufikia adhuhuri mtaa wote ulikuwa unasema kwamba fundi wa vioo amepasuliwa kichwa, uvimbe mkubwa ukatolewa, na Mungu ni nani kama si mponyaji. Jioni akina mama wa kanisa walimletea uji. Mwanzia alifungua kinywa aeleze.

"Shh," mmoja alimwambia. "Usichoshe ubongo."

Alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza wakati Magdalene alipotokea mlangoni na chupa ya supu. Mama huyo alizunguka nyuma yake, akakikagua kisogo.

"Ngai! Na ukarudi kazini hivi hivi?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Pole, mwanangu."

Mwanangu! Baada ya hapo, nani angefuta? Kila asubuhi Mwanzia alichora upya, maana jasho halikuwa na huruma. Alijua anaonekana mjinga, na alijionea ujinga huo kwenye vioo vyote. Mstari wa wanja ulikuwa umempa kwa siku moja kile ambacho nywele za kupandikizwa hazikuwa zimemuahidi.

Aliyemuumiza roho ni Dianah, kwa sababu ndiye aliyemtunza kuliko wote. Mvua ilipowashukia ghafla barabarani, Dianah alivua leso yake, akamfunga kichwa chote, yeye akalowa hadi mifupani.

"Hapo nyuma pasiingie maji," alisema.

Mwanzia alikosa usingizi kwa ajili ya leso hiyo. Ijumaa jioni alimfuata kwenye cherehani yake. Alijua kwamba huenda akamkosa binti na mama kwa mpigo mmoja.

"Dianah, nisikilize kidogo."

"Sema tu, hizi sare zinangojwa."

Mwanzia alilowesha kitambaa, akasugua kisogo chake mbele yake, akamwonyesha. Kitambaa kilitoka cheusi.

"Sikupasuliwa," alisema. "Nilikuwa najaribu kuona kovu litanikaaje. Githae akaeneza uvumi, na mimi nikanyamaza kwa kuwa mama yako aliniita mwanangu. Nimekudanganya. Ukitaka kuniacha, niache."

Dianah alikitazama kitambaa, kisha akamtazama yeye.

"Umefuta lote?"

"Lote."

"Wewe Mwanzia! Na Jumapili mama anataka kukuwekea mkono hapo kisogoni akuombee mbele ya kanisa!"

"Nitamwambia ukweli."

"Ati ukweli!" Dianah alivuta kiti, akamshika bega, akamkalisha, akaipapasa mifuko ya shati lake hadi akaipata penseli ya wanja. "Geuka. Leo nachora mstari tu, hakuna mwanga. Mishono nitaishona vizuri kesho, hiyo yako imekuwa ikinitia aibu. Na uache kumsingizia Githae. Ni mimi nilimwambia mama umepasuliwa."