Darubini Isipate Umande

Kabla hajanawa uso, Mwaija alitoka uani kutazama kama darubini imelowa.

Ilikuwa imelowa mwili tu. Umande ulichuruzika juu ya shaba mpaka miguuni, lakini kioo kilikuwa kikavu. Alikisukia kofia ya ukindu, ikatokeza mbele kama upenu, basi umande ukitua unatua kwenye ukindu. Chini yake huweka chungu cha majivu ya moto, tena kidogo tu, maana kioo kikipata joto la ghafla hupasuka. Hayo alijifunza kwa mumewe, Mwinyijuma, aliyekuwa akiwatazamia watu wa mtaa mwezi mwandamo.

Sasa Mwaija alikuwa ndani ya eda, zimebaki siku ishirini.

Wadachi walipouteka mji, askari wao walimsaka Mwinyijuma nyumba kwa nyumba, kwa kuwa alipigana nao. Kisha bahari ikatupa maiti ufukweni, uso umeliwa na samaki. Mwaija akaitwa. Alitazama vidole vya miguu, akasema ndiye. Askari hawakugonga mlango tena. Maiti akaoshwa, akavikwa sanda, akazikwa, khitma ikasomwa.

Mwaija hakulia. Moyo ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa. Akila, hajui chakula kina chumvi au hakina. Wanawake walisema majonzi yamemkausha, wakamwachia Tabia, dada wa Mwinyijuma, akae naye mpaka amalize.

Tabia alitoka uani akipiga miayo, akamkuta ameshika sufi ya kufutia. Aliuliza kwa nini siku hizi darubini imeinamishwa, haielekei mbinguni kama zamani. Mwaija akajibu kwamba ikiinama, maji hayaingii ndani.

"Wifi," Tabia akasema, "kaka yangu ulimtazama mara moja, ukamwacha azikwe. Bomba hili unalitazama kila alfajiri."

"Bomba halijui kujifuta."

Tabia alicheka puani. Kisha akatoa habari aliyokuwa ameikalia tangu jana: ndugu zao wa Mkange wanakuja leo baada ya adhuhuri. Wanataka mirathi igawanywe, na darubini wataondoka nayo. Alisema wana haki, na kwamba marehemu haihitaji.

Sufi ilimwanguka Mwaija. Akaiokota, akaipuliza mchanga.

"Waniachie mpaka nitoke eda. Siku ishirini tu, wifi yangu. Baada ya hapo wachukue hata mlango."

Tabia alimwangalia. Mwanamke huyu hakutoa chozi hata jeneza lilipoinuliwa, na sasa anabembeleza kwa ajili ya kipande cha shaba. Akamwonea huruma. Akasema sawa, atawaambia ni haramu kumsumbua mfiwa ndani ya eda, na wakibisha watamjua yeye ni nani. Akaingia jikoni kuwasha moto wa uji.

Mwaija alingoja mpaka aliposikia kuni zinavunjwa. Akavua kofia ya ukindu, akafuta kioo taratibu, akapiga goti, akafumba jicho moja.

Ng'ambo ya mkondo, ndani kabisa ya mikoko, marehemu alikuwa amechuchumaa juu ya mzizi, anatawadha.